Samaki wa Kwenye Jiwe na Mgeni wa Saa Saba Mchana

Wapo wanaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa nyumbani kwetu Ifakara, saa saba mchana, jua linawaka, na kovu ninalo mpaka leo. Tukikutana nitapandisha mkono wa shati ulione mwenyewe.

Kazi yangu ni kusafisha visukuku, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka jiwe. Mwaka ule nilikuwa nimetoka Lindi na samaki aliyenasa ndani ya mwamba, mwamba uliokuwa chini ya bahari enzi za dinosaria. Nilimleta nyumbani nimchokonoe kwa sindano, taratibu, nikimlinganisha na mifupa ya samaki wa mtoni niliowanunua pale Kivukoni. Meno yake yalinichanganya: safu mbili, zote zimepinda kuelekea kooni. Sikumkuta kwenye kitabu chochote. Nikaanza kuamini kwamba ni aina mpya, ila sikumwambia mtu, hata mama.

Siku hiyo mzee mmoja akaingia uani bila hodi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliinama mezani, akalitazama jiwe, akasema kwa sauti ya chini, "Pezi la mgongo lina miiba kumi na saba. Wewe umeona kumi na nne."

Angejuaje? Nilikuwa nimeihesabu asubuhi ile ile, na daftari lilikuwa chumbani.

Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema amekuja kumchukua ndugu yake. Nikacheka kwa hofu, nikaweka mkono juu ya jiwe. Hapo ndipo aliponirukia.

Alifungua mdomo, na mdomo ukaendelea kufunguka, akaning'ata chini ya kiwiko. Kadiri nilivyovuta ndivyo meno yalivyozidi kuingia. Tulianguka na meza. Nilimchoma sindano jichoni mara mbili, hakupepesa. Niamini, nilisikia mfupa wangu ukivunjika.

Masanja, jirani yetu Msukuma mfugaji, aliruka ua na panga, akamkata shingoni. Haikutoka damu. Yalitoka maji, yakaturukia usoni, nayo yalikuwa ya chumvi. Ifakara hii, bahari iko wapi? Mzee yule akaniachia, akaung'ata mkono ulioshika panga, vidole viwili vikaenda. Kisha akakimbia kupitia mashamba ya mpunga kuelekea mtoni, shingo inaning'inia upande. Waliokuwa wakipalilia walimwona. Hakuna aliyemfuata.

Hospitalini daktari alihesabu matundu, safu mbili, akauliza mamba alinikamatia sehemu gani ya mto. Nikamwambia uani kwetu. Akaandika mamba.

Baadaye nilimaliza kazi kwa mkono mmoja. Miiba mitatu ilikuwa bado imejificha ndani ya jiwe. Samaki alikuwa wa aina mpya kweli, na sasa ana jina lake kwenye vitabu. Vidole vyangu vya kushoto havikunjiki tena.

Masanja aliswaga ng'ombe wake akahamia Mchombe. Nilimfuata kumshukuru. Aliniacha nimesimama nje, akaniambia, "Mwanangu, usije tena kwangu."

Kwa hiyo wewe unayevunja mawe makorongoni, nisikilize. Ukikuta mfupa, usiufanye siri yako. Na akija mtu kuudai, mpe. Mimi nilibaki na samaki wangu, na Masanja hawezi tena kukamua ng'ombe.