Mahindi Aliyopewa Kaltuma

Mafuriko yalipopungua kijijini Kulesa, Rebecca alikuwa amebaki na magunia mawili ya mahindi, moja limelowa. Wakati huo alikuwa akimnyonyesha Joy, mtoto wa miezi minne. Kliniki, nesi Alice aliwaonyesha kina mama punje zilizoota ukungu wa kijani.

"Hii ni sumu," alisema. "Haitoki kwa kupikwa. Mama akila, sehemu yake hupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto."

Rebecca alishinda akichambua. Mabaya yakajaa debe. Kutupa chakula kulimuuma, akampa rafiki yake Kaltuma, mfugaji Muorma wa kijiji cha Minjila aliyemletea maziwa kila wiki. "Wape ng'ombe," alimwambia tu, bila kutaja sumu. Kaltuma naye alikuwa akinyonyesha.

Kliniki iliyofuata Rebecca alimtajia nesi habari ya ng'ombe.

"Ng'ombe ni kama wewe," nesi akamjibu. "Akila, inatoka kwenye maziwa yake."

Rebecca hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi Minjila, Joy mgongoni, akamkuta Kaltuma ameketi mlangoni akimnyonyesha binti yake Nasteha.

"Mama Nasteha, yale mahindi uliwapa ng'ombe?"

"Siku mbili tu. Halafu nikaona mengine bado mazima. Nikaosha, nikapika."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula. Kulikuwa na nini kingine?"

Rebecca alimweleza yote, hata kwamba siku ile alijua ni sumu. Mawazo yake yalikuwa yameishia kwa ng'ombe, hayakufika kwa watu. Kaltuma alimtazama mtoto kifuani.

"Nimwachishe?"

"Hapana. Nesi anasema tuendelee kunyonyesha. Tubadilishe tunachokula."

Walichimba shimo wakafukia yaliyobaki. Kaltuma alishindilia udongo kwa mguu.

"Ungeniambia siku ile, Mama Joy."

"Ningekuambia," Rebecca alisema.

Kesho yake alirudi na madebe mawili ya mahindi mazuri. Kaltuma aliyapokea, akampa chai ya rangi. Wiki tatu zikapita bila maziwa. Ya nne Kaltuma akafika Kulesa na kibuyu. "Ng'ombe wamekula majani tu," alisema, wakakaa wakazungumza mengine.

Nasteha anakua vizuri, ingawa hakuna anayeweza kuwaambia zile siku zilimwachia nini. Wakikutana kliniki, Rebecca huuliza kwanza uzito wa Nasteha, ndipo ampeleke Joy kwenye mizani.