Nyasi za Nje ya Waya

Mtu akiniambia subira huvuta heri, natamani kumtupia kiatu. Subira naijua. Niliiona ikiota nje ya waya wakati wa vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali huku kaskazini, nikiwa msichana wa kuchunga mbuzi, na hiyo heri sikuiona.

Wageni wakija Isiolo wakati wa kiangazi hudhani ardhi yetu imekufa. Haijafa. Mvua ya kwanza huku ni mwongo tu. Inanyesha jioni moja, inaleta harufu nzuri, halafu inapotea. Mbegu zikiota zote kwa mvua hiyo, jua linazimaliza zote na mwaka unaofuata hakuna kitu. Kwa hiyo zinaota chache. Nyingine zinabaki mchangani zimenyamaza, msimu huu na pengine hata ule mwingine. Baba alipenda kunionyesha machipukizi mawili matatu ya kijani na kusema, "Nyasi si mjinga. Hatumi watoto wake wote kwa njia moja."

Na yeye mifugo yake aliiweka hivyo hivyo. Ng'ombe wengine walikuwa kwa mjomba upande wa Kinna, wengine kwa rafiki yake wa Ngaremara, na sisi nyumbani tulikaa na mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Ukame ukipiga huku, kule kunabaki kitu. Mama alimtania kwamba ameoa wake wenye kwato, kila mmoja na nyumba yake.

Kisha serikali ikatangaza kila mtu aingie kijijini na mifugo yake yote. Eti kijiji! Ilikuwa waya pande zote na askari getini. Wazee wetu Waborana mpaka leo huita miaka ile daaba, yaani kusimamishwa. Mnyama akionekana nje alikuwa wa shifta, na mwenyewe akawa shifta pia. Baba angefanya nini? Alienda akawachukua wote, wa Kinna na wa Ngaremara, akawaleta mahali pamoja. Jioni hiyo mama alimwekea chakula na hakukigusa. Mbegu zake zote zilikuwa zimeota siku moja, na mvua hakuna.

Majani ya ndani ya waya yaliisha upesi. Ng'ombe walianza kulamba udongo, halafu wakaanza kulala wasiinuke. Tuliwainua kwa kuwashika mkia na pembe, tukiwaachilia wanalala tena.

Ndipo mvua ikanyesha, na safari hii ilikuwa ya kweli. Nje ya waya, mahali ambapo ningeweza kurusha jiwe likafika, nyasi ziliamka. Nyasi za kwetu zikishaamini mvua hazipotezi wakati. Zinatoa jani, zinatoa ua, na kabla hujageuka zimeshamwaga mbegu. Mbuzi walisimama kwenye waya wakilia. Kila asubuhi baba alienda getini kuomba ruhusa ya kuchunga, na kila asubuhi aliambiwa angoje mkubwa arudi. Alingoja. Nyasi hazikumngoja mkubwa wa mtu.

Ruhusa ilipokuja, huko nje kulikuwa na mabua meupe tu. Mbegu zilikuwa zimerudi mchangani kulala. Mbuzi waliobaki walitafuna yale mabua, na hayakuwasaidia. Wa mwisho alikufa nikiwa nimemshika kichwa. Nilizichukia zile nyasi. Najua ni upuuzi kuchukia nyasi, lakini ningemchukia nani, askari mwenye bunduki?

Vita vilipoisha tulirudi kwenye boma letu la zamani. Miiba ya ua ilikuwa imeanguka, ila mgunga wetu ulikuwa umesimama, umejaa maganda yaliyokauka. Kila kiangazi baba alikuwa akiyaangusha kwa upembo wake mrefu, na mbuzi wakisikia mlio wa maganda walikuja mbio hata kama wako mbali. Walikula maganda, na mbegu zilitoka kwenye mavi yao zikiwa tayari kuota. Mgunga nao ulikuwa umeweka tumaini lake kwa mbuzi.

Baba aliutafuta upembo, akaunasa kwenye tawi, akatikisa. Maganda yalianguka mpaka chini kukafunikwa. Akasimama, akaangalia njia.

Mama alimwendea polepole. "Baba watoto, wacha. Nani atakula?"

Baba akavuta tawi lingine.