Fundi wa Kurasa za Mwisho

Shemeji yangu hushona vitabu vilivyochanika katika maktaba ya mji. Miaka ishirini ameshika sindano, uzi na gundi, na sijawahi kumwona akisoma kitabu kizima. Husoma ukurasa wa mwisho tu, maana ndio huchomoka upesi, na akishaubandika huupitia kuona kama umekaa sawa. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye hufika harusini watu wakiosha masufuria. Sheria ya maktaba ni kwamba kitabu kilichopoteza kurasa kitupwe. Roho haimpi. Hushona zilizobaki, akakirudisha rafuni bila kumwambia mtu.

Yeye na dada yangu walipomzika mtoto wao wa pekee, nilihamia kwao kumwangalia dada. Miezi mitatu hakula ila kwa kubembelezwa, wala hakusema neno la maana. Kitanda cha mtoto kilibaki kimetandikwa mle chumbani mwao, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kukigusa. Kisha jioni moja dada akamgeukia mumewe.

"Niletee kitabu. Cha watu wa kawaida tu, wanaopika, wanaogombana, wanaopatana. Ila asife mtoto."

Kesho yake shemeji alirudi na kitabu chenye jalada jipya la kijani, uso umemchangamka hadi nikamwonea huruma.

"Hiki nakijua," aliniambia jikoni. "Mwishoni mama anaanika nguo huku anaimba. Kinaisha vizuri, shemeji, we acha tu."

Dada alisoma siku mbili. Akamaliza sahani yake bila kuambiwa, akaniuliza hata habari za kazi yangu. Nikajidanganya kwamba tumevuka.

Siku ya tatu tulimkuta ameketi kitandani mwake, kitabu kimefunuliwa mapajani.

"Mtoto amekufa," alisema. "Ukurasa wa tisini."

Shemeji alinyoosha mkono. "Nisamehe, mke wangu. Lete nikirudishe."

"Ngoja kwanza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimetazama mwisho. Ni mama huyuhuyu, anaanika nguo, anaimba. Nikataka kujua alifanyaje mpaka akaweza." Akageuza karatasi moja, polepole. "Hapa ni tisini. Hapa ni mia na sitini na moja. Nyingine ziko wapi?"

Shemeji aliutazama mshono wake. Ulikuwa umekazwa vizuri mno, huwezi kujua kama kuna kitu kinakosekana.

"Hazikuwemo," alisema. "Nilishona hivyo hivyo."

"Wewe umesoma mwisho wa vitabu vyote vya maktaba ile. Basi niambie wewe. Alifanyaje?"

Shemeji akaketi kwenye kitanda cha mtoto, na shuka tulizozichunga miezi yote ile zikakunjamana chini yake.

"Sijui," alisema, akaanza kulia.

Dada alibaki amekishika kile kitabu wazi mbele yake, anasubiri.