Ngozi ya Abiria wa Safu ya Thelathini

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda ndege. Niliketishwa mbele ya kioo katika chumba cha mafunzo jijini Nairobi, na Mkufunzi wa Mwonekano, mama mrefu asiyecheka ovyo, akanishika mikono na kuigeuza viganja juu.

"Wewe umelima," akasema.

"La, madam. Nilikuwa nikicheza voliboli shuleni."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi hii, na niliutoa kabla sijafundishwa hata kumfunga abiria mkanda.

Kweli nililima. Nilizaliwa Jilore, kijiji cha bara ya Malindi, na mama alipofariki nililelewa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Tulipanda mahindi na mihogo, na siku za mapumziko tulikuna nazi, tukachemsha tui mpaka mafuta yakapanda juu. Ndiyo aliyonipaka tangu utotoni. Lakini wenzangu mafunzoni niliwaambia kwetu ni Malindi mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara. Hakuna aliyeniuliza zaidi, nami nikauzoea uongo huo kama mtu anavyozoea jina la utani.

Vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta kila kitu kwenye simu. Sisi tulifundishwa kwa mdomo. Mkufunzi alitueleza kwamba hewa ya ndani ya ndege huvutwa kutoka nje, kule juu ambako hakuna unyevu, kisha hupashwa joto. Ikifika kwa abiria ni kavu kuliko kiangazi cha Marafa kule kwetu bara. Hewa kavu hutafuta maji, na maji yaliyo karibu ni ya ngozi yako. "Ndege haikunyweshi," alikuwa akituambia. "Ndege inakunywa wewe."

Akatufundisha kunawa uso kwa sabuni laini kabla ya safari na kupaka krimu ngozi ingali na majimaji, kwa sababu krimu haileti maji, inayafungia yaliyopo. Mikono ipakwe kila baada ya kunawa. Maji tunywe kidogo kidogo njia nzima, kahawa tuipunguze, pombe tuwaachie abiria. Anayekaa dirishani apake krimu ya kuzuia jua, maana kioo hakizuii miale yote. Na mtu asijaribu kipodozi kipya siku ya safari, kwani kikimchoma hana pa kukimbilia.

Nilianza na safari fupi za Mombasa na Malindi, chini ya Mkuu wa Zamu aliyekagua kucha zetu kila asubuhi. Halafu nikapelekwa safari za nchi jirani, na mwishowe zile ndefu za Ulaya. Huko nilikuwa chini ya Msimamizi Mkuu wa Wahudumu, bwana mpole wa maneno machache, ambaye ripoti yake ndiyo iliyompandisha mtu cheo au kumwacha palepale. Kufikia wakati huo wenzangu walikuwa wakiniita Daktari wa Ngozi. Mkobani mwangu hamkukosa kopo la krimu isiyo na harufu, na aliyepasuka midomo alikuja kwangu gali, yaani jiko la ndege, nimtibu.

Mwaka huo binamu yangu Kazungu, mwana wa pekee wa shangazi, alikuwa ameoa Mwitaliano na kuhamia kwao. Walipopata mtoto, wakamtumia shangazi tikiti aende kumwona mjukuu. Ratiba ilipotoka, nikaona ni ndege yangu.

Nilimpigia simu shangazi akashangilia. "Basi sina hofu tena! Nitapanda ndege, na mwanangu yumo ndani."

Nilipokata simu, nilimwomba mwenzangu mmoja tubadilishane zamu. Alikataa. Wa pili naye akakataa. Sikumbuki nilimwambia kila mmoja sababu gani, ila najua haikuwa ya kweli.

Tuliondoka asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Msimamizi Mkuu, tukiwapokea abiria kwa tabasamu, nikamwona shangazi anakuja na leso mpya, mkoba wa ukili mkononi. Aliponiona akasahau foleni.

"Sidi! Sidi mwanangu, ni mimi!"

Watu wakageuka. Msimamizi Mkuu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unamfahamu huyu mama?"

"La," nikasema. "Ni mtu wa pwani tu, amesoma jina langu kifuani. Kwetu watu huitana hivyo wote."

Nilidhani sauti yangu ilikuwa ndogo. Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama, akamtazama bwana yule, akaitazama sare yangu toka shingoni hadi viatuni.

"Samahani, dada," akasema. "Nimekufananisha."

Dada. Mtu aliyenibeba mgongoni. Akapita, nami nikamwonyesha kwa mkono wazi, kama tulivyofundishwa, safu ya thelathini ilipo.

Shangazi alikuwa na ukurutu, ile ngozi kavu inayowasha na kupasuka, kwenye miundi na viganja. Aliituliza kwa mafuta yake ya nazi, na alibeba kichupa kidogo kilichoruhusiwa. Saa ya tatu angani abiria aliyekaa kando yake aliita, akalalamika kwamba harufu inamtia kichefuchefu. Msimamizi Mkuu akaniambia, "Nenda wewe. Ni mtu wa kwenu, utajua namna ya kumwambia."

Nikaenda, nikapiga goti kando ya kiti chake kama tulivyofundishwa.

"Mama, tafadhali, mafuta haya yanawasumbua wenzako. Nitakuwekea kule nyuma, utayapata tukitua."

Alinikabidhi kichupa. Nikarudi gali, nikakiweka kwenye droo, nikanawa mikono. Kisha nikatoa kopo langu la krimu isiyo na harufu, nikapaka, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapokumbuka. Krimu ile isingemsumbua mtu yeyote, na kumpelekea ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini niliogopa kwamba nikimpa atasahau na kusema, "Ahsante, mwanangu," na watu watasikia.

Saa ya sita nilipita kukusanya trei. Alikuwa amejikuna. Miundi ilikuwa na mistari myeupe kama udongo uliokaushwa na jua, na mahali pawili ngozi ilikuwa imeachana, damu imegusa blanketi. Aliponiona akavuta blanketi, akajifunika.

"Chai au kahawa?" nikauliza.

"Maji, dada."

Nikampa maji. Tulipotua nilikuwa mlango wa mbele nikiwaaga abiria, na kichupa kilibaki kwenye droo.

Wiki iliyofuata Kazungu alinipigia. Mguu wa mama yake ulikuwa umevimba, vijidudu vimeingia kwenye zile nyufa, na amelazwa. Mjukuu aliyesafiri kumwona hakumpakata mpaka alipotoka hospitalini.

"Lakini anakusifu sana," Kazungu akasema. "Anasema ulimhudumia kama malkia."

Aliporudi Jilore, hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Kwa majirani, kanisani, kisimani: Sidi aliniletea mto, Sidi alinifunika blanketi, Sidi hakunipita bila kuniuliza hali. Kila nilipokwenda kumwona, nilikusudia kuzungumza. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Nikianza tu kusema, "Siku ile kwenye ndege," yeye husema, "Kula kwanza," na chakula kikiisha husimulia habari nyingine. Nami, niseme ukweli, nilishukuru.

Baadaye nilipanda cheo, nikawa Mkufunzi wa Mwonekano mwenyewe. Nilirudi kwenye chumba kile kile chenye kioo, nikashika mikono ya wasichana na wavulana wa watu. Niliwafundisha kuwaangalia abiria wazee, kwamba ngozi yao ni nyembamba na hukauka upesi, kwamba mtu akijikuna aulizwe, apewe maji na krimu isiyo na harufu. Nilifundisha vizuri. Hakuna aliyejua nilijifunzia wapi.

Nilipostaafu, jamaa walifanya ibada ya shukrani Jilore, mchana, chini ya hema. Mzee wa kanisa akamwomba shangazi atueleze jinsi mwanawe alivyomhudumia angani. Akasimama kwa shida, kwa kuwa mguu ule haukurudi kuwa kama zamani, akaanza: mto, blanketi, maji. Watu wakapiga makofi wakinitazama.

Sikuweza. Nilisimama nikawaambia yote: mlangoni nilisema simjui, nikamnyang'anya mafuta, nikamwona anatoka damu, nikamuuliza chai au kahawa. Nilidhani nikimaliza nitapumua.

Shangazi hakulia. Alinisogelea, akasema kwa sauti ambayo walio mbele walisikia:

"Nani amekutuma? Nimekufunika miaka yote hii. Hukuniuliza kama nami nataka kufunuliwa. Sasa kila anayeniona hapa atajua mimi ndiye mama aliyekanwa."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikaelewa kwamba hata toba yangu niliifanya kama nilivyoifanya kazi: nikiangalia uso wangu. Miezi mingi baada ya hapo alinijibu salamu tu.

Sasa ninaishi Malindi, na kila Ijumaa naenda kwake. Siku za mwanzo nilikaa uani peke yangu, nikaondoka. Siku moja akaninyooshea mguu. Tangu hapo ninamkosha miundi kwa maji ya uvuguvugu, ninaikausha kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, na kumpaka ngozi ingali na unyevu. Hatuzungumzi mengi. Sijui kama huko ndiko kusamehewa, na sijathubutu kuuliza.

Kabla ya kuwapa haya ninyi mnaoanza kazi, nilimsomea yote, maana safari hii nilitaka ruhusa. Alisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

"Watakaosoma watajua ni mimi?" akauliza.

"Ukikataa, shangazi, nitayachana."

Akafumbua macho.

"Kote humo umeniita mama, abiria, shangazi," akasema. "Sina jina? Liandike."

Anaitwa Kadzo Charo Ngowa, wa Jilore. Ninamfahamu. Ndiye aliyenilea.