Katuni Niliyoitia Chumvi

Gazeti hufika Rulenge na basi la mchana, likiwa limeshapoa siku moja. Kwa miaka mingi nimekuwa nikilisoma kwa sauti kwenye banda la kahawa karibu na soko, kwa sababu wengi wanaokaa pale hawakusoma, au macho yamewachoka. Siasa wanaisikiliza kwa adabu tu. Wanachongoja ni ukurasa wa nyuma, penye katuni ya Mwenyekiti: mnene, kofia ya pama, mkono mmoja daima mfukoni mwa mtu mwingine.

Katuni yenyewe ni visanduku vinne. Naisoma kwa Kiswahili, kisha naigeuza kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na hapo ndipo nilipozoea kuongeza yangu. Mchoraji alimpa Mwenyekiti maneno machache. Mimi nikampa mke mkali, ng'ombe mwenye kiburi na wakwe wanaopenda kula. Watu wakicheka, naongeza tena.

Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Hajui kusoma. Alikaa kila siku upande wangu wa kulia, na aliamini kwamba kila neno limechapishwa.

Mwaka huu vijana wa parokia waliigeuza katuni hiyo kuwa mchezo wa jukwaani, wa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, wa kuwacheka viongozi wetu. Aliyeutunga ni binti wa mwenye banda la kahawa. Jumapili ya mchezo, baada ya misa, alitupokea mlangoni mwa ukumbi.

"Shikamooni, babu zangu. Viti vya mbele ni vyenu."

"Marahaba. Mwenyekiti mmemnenepesha lakini?" shemeji akamwuliza.

"Tumemfunga mito miwili, babu. Akianguka hainuki."

Nyuma yetu walikaa binti wa shemeji na mama mkwe wake, waliokuja kututembelea kutoka Biharamulo.

Mwenyekiti aliingia akiimba juu ya barabara anayoizindua kila mwaka na ambayo haijawahi kulimwa. Wananchi wakapiga magoti, wakaitikia, "Tunashukuru, tunashukuru," huku mmoja akimfuta vumbi viatuni. Shemeji alinipiga gotini kwa furaha, mkono akauacha papo hapo. "Ndiye huyuhuyu wa gazetini," akasema.

Kisha ikaja arusi ya binti wa Mwenyekiti. Ngoma ikapunguza mwendo. Mwenyekiti akanyanyua kibuyu chenye ufa, kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, akamimina ndoo ya maji ndani yake, akiimba kwamba maji ya kisima leo yamepanda cheo. Akasogea mbele ya wakwe. Kwetu baba wa bibi arusi ndiye anayeonja kwanza, wageni wajue kwamba pombe ni salama. Akaonja, akafumba macho, akaimba, "Imekubali, wakwe zangu, imekubali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikauka.

Hilo halikuwahi kuandikwa katika gazeti lolote. Mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulipoimaliza migomba, pombe ya ndizi ya arusi ya binti huyu wa shemeji haikutosha. Shemeji aliniambia mimi peke yangu, tukiwa shambani: "Nilionja maji mbele ya watu, nikayasifu. Hata dada yako hajui." Miezi ikapita. Siku moja katuni ilikuwa baridi na shemeji hakuwapo bandani, nikampa Mwenyekiti kibuyu kile cha shemeji, na ufa wake, na kamba yake. Binti wa kahawa alikuwa akigawa vikombe. Sikumfikiria hata kidogo.

Mkono wa shemeji uliondoka gotini kwangu. Nyuma yetu kicheko cha mama mkwe kilikatika.

"Kibuyu kile," nikamsikia akimwambia mkwewe, "si ndicho cha kwenu?"

Nilitazamia shemeji ainuke aondoke. Alikaa mpaka mwisho, akapiga makofi watu walipopiga. Nje, mtunzi wetu akatukimbilia, uso unang'aa.

"Umeona, babu? Hatukupunguza hata neno. Kama unavyosoma wewe."

Shemeji akanigeukia. "Imeandikwa gazetini?"

Ningeweza kumdanganya, naye asingekuwa na njia ya kujua.

"Hapana. Niliongeza mimi."

"Lini?"

"Siku ambayo hukuwapo."

Akatikisa kichwa polepole, akavua kofia, akamwendea mama mkwe wa bintiye. "Mkwe wangu," akasema, "pombe ile niliitia maji."

"Tulijua siku ileile," mama akajibu. "Tukanywa, tukasifu. Tungewezaje kusema?"

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Watu wa Biharamulo, wageni, walioletewa maji, walikuwa wamemfichia siri yake miaka yote hiyo. Mimi, kaka wa mkewe, nilikuwa nimeiuza kwa kicheko cha bandani.

Kesho yake shemeji alikuja bandani. Hakukaa upande wangu wa kulia. Alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango.

"Soma," akasema. "Kilichoandikwa tu."

Nikasoma visanduku vinne. Hakuna aliyecheka.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, shemeji."

Akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa bado ndani. "Kumbe ni fupi," akasema, akaenda zake.