Msiba Uko Maktaba

Mwaka ule wa unga wa njano, tulipokula ugali wa msaada kwa mlenda mkavu na watoto wakiuliza uwele umekwenda wapi, ndipo mkutubi alipokuja. Chuo kilimpa ghala lililokuwa la karanga, makasha ya vitabu, na mimi. Nilikuwa mfagizi. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga mbuzi wa baba, kwa hiyo vitabu kwangu vilikuwa vitu vya kupangusa vumbi.

Wakati ule hakikuwa chuo kikuu bado. Siku hizi ndicho, na mjukuu wangu wa kike yumo humo anasoma ukutubi, na mtu wa mtaani kwetu Ipagala asiyejua hilo basi hajawahi kupita mlangoni kwangu. Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Naandika.

Mkutubi alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, wa kwanza kushika kazi hiyo pale chuoni. Hana mume, hana mtoto. Wauza nafaka wa soko la Majengo walimwita mke wa vitabu, naye alikuwa anaitika. Alijifunza salamu ya Kigogo, mbukwenyi, akaitamka vibaya, kwa makusudi nadhani, maana mtu akishacheka anaona haya kukunyima. Namna hiyo alipata mbao za rafu, akapata fundi, akapata rangi.

Harufu ya karanga haikutoka. Wanafunzi nao walikuja wakizitafuna, vidole vina mafuta. Akaweka beseni la maji mlangoni, na kata, kama mtu anayekaribisha wageni kula. Asiyenawa hapewi kitabu.

"Mama, leo kuna ugali?" walimtania.

"Upo. Nawa."

Kujaza beseni ilikuwa kazi yangu. Mchana palipotulia alinikalisha akanifundisha kusoma majina yaliyo migongoni mwa vitabu, kisha maneno ya ndani. Hakunisifu hata siku moja. Nikikosea alisema rudia, akaendelea na yake.

Kisha ukaja mwaka wa chapati. Mafuta ya kula yalijaa madukani, ngano ikawepo, foleni zikaisha, kila mwenye ukuta akautoboa dirisha la duka. Chuo nacho kikaambiwa kijitegemee. Mkuu wa utawala akaja na mfanyabiashara aliyetaka kupanga ghala letu aweke madebe yake ya mafuta. Vitabu, walisema, vitiwe kwenye magunia vikae stoo. Tulijua vya stoo huishia wapi. Pale Majengo karanga zilifungwa kwa kurasa za vitabu kila siku. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba afunge chumba, akabidhi funguo, aende likizo mpaka astaafu.

Yeye alikuwa anabandika mgongo wa kamusi kwa gundi ya unga. Hakuinua kichwa.

"Chumba hiki sikifungi."

Wakamtoa kwenye nyumba ya chuo. Akapanga chumba kimoja uani kwa watu, na asubuhi akaja kufungua kama kawaida. Mfanyabiashara alikuwa akipita kuchungulia, akisubiri achoke. Hakuchoka, aliugua. Malaria ilimpanda kichwani, akafia hospitali nikiwa nimemshikia kikombe cha uji. Nilikiweka chini nikaenda kuwaambia watu. Sikulia. Mpaka leo wananiuliza kwa nini.

Ndugu zake walipaswa kusafiri toka Bukoba waje kumchukua. Kwetu mtu akifa, swali la kwanza ni msiba uko wapi. Yeye hakuwa na nyumba. Mwenye nyumba alikopanga alisema kwake padogo. Mkuu wa utawala alisema maktaba ifungwe kwa heshima ya marehemu, na kufuli jipya alikuwa nalo mkononi.

Funguo za zamani, alizonikabidhi alipolazwa, zilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Nikawaambia watu msiba uko maktaba.

Nyumba ya msiba haifungwi mlango, hilo analijua hata mtoto. Nikasukuma meza ukutani, nikatandika mikeka kati ya rafu. Wanawake wa Majengo, walewale wa mke wa vitabu, wakaja na unga wao na sufuria, wakapika nje. Wanaume wakakaa barazani. Kila aliyeingia kula alinawa kwenye lile beseni. Wanafunzi walilala humo. Wengine, kwa kukosa la kufanya, walichukua vitabu wakasoma. Mfanyabiashara naye alikuja kutoa pole, akanawa, akala, akatazama kuta alizozitaka. Mimi nilijaza maji. Sikusikia kitu, si uchungu wala hasira, miguu tu ilikuwa inakwenda bombani na kurudi.

Ndugu wakafika, wakamchukua. Tukaanua matanga. Wanawake wakakunja mikeka, wakabeba sufuria zao. Nilikuwa nazirudisha meza mahali pake mkuu wa utawala alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Msiba umekwisha, mama yangu. Umefanya vizuri, tunakushukuru. Sasa funga, unipe funguo."

Beseni lilikuwa na maji machafu ya walaji. Nililimwaga nje, nikalijaza upya, nikaliweka mlangoni, kati yangu naye.

"Chumba hiki sikifungi."