Waliomzika Mama Yangu

Katika darasa la ubatizo la watu wazima, mwanafunzi wa uchungaji kutoka chuo cha Kilutheri cha Makumira alitueleza kwamba Wakristo wa kwanza waliongezeka mijini kwa sababu tauni ilipoingia wengine walikimbia, wao wakabaki kuuguza, na wakazika hata wasio wao. Wenzangu walishangaa. Mimi nilikuwa pale kwa sababu hiyohiyo, nikaona aibu kusema.

Mama alifia mtaani kwetu, Sokon One, miaka ile makanisa mapya na spika zao yalipoingia mjini sambamba na mitumba. Hakuwa amebatizwa popote. Siku ya mazishi zilifika kwaya mbili. Walutheri walisema marehemu ni wao, maana kina mama wao walimwogesha na kumletea uji tangu alipolala kitandani. Watu wa kanisa moja jipya, la turubai, walisema aliokoka kwao. Alinyoosha mkono mkutanoni, na jina lake lilikuwa daftarini.

"Mkono tuliuona wote," alisema mhubiri wao.

"Na uji alikunywa wa nani?" akauliza mzee wa kanisa wa Kilutheri.

Kwaya zikaanza kuimba kwa pamoja, kila moja wimbo wake. Kule kwenye migomba wachimbaji, nusu wa huku nusu wa kule, wakatoka kwenye shimo lililofika magotini tu, wakakaa kusubiri mwenye maiti ajulikane. Ukoo wetu siku ile ulikuwa mimi na mama mdogo, na yeye mguu haukumruhusu hata kusimama. Hawa wakiondoka, ningemzika mama na nani?

Mzee akaniita mbele ya watu. "Mwanangu, tusaidie. Mama alikuwa wa wapi?"

"Mzee, hakuwa wa popote. Uji aliupenda kweli. Na mkono alinyoosha kuwaomba wapunguze spika, kichwa kilikuwa kinamuuma."

Wanakwaya wa pande zote mbili wakaanza kufunga vitabu vyao vya nyimbo. Nikajua nimeharibu.

"Sasa tumrudishe?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa anakoroga makande. "Jamani, chimbeni! Chakula kinaungua."

Mhubiri alilitazama daftari lake, akalifunga, akavua koti, akaingia shimoni. Mzee akamfuata na suti yake. Wakaanza kubishana tena mle ndani, safari hii juu ya kina cha kaburi, huku wakichimba, mpaka nikawa nawasikia tu bila kuwaona.